Chembe za Dume Katika Pipa la Pongo

1

Saa tatu na nusu asubuhi nilitumbukiza kijiti cha kusomea ndani ya pipa namba mbili, nikahesabu hadi sitini, nikakichomeka kwenye kisomaji. Kwa miaka sita kisomaji kile kiliniandikia maneno matatu yale yale kila siku ya kazi: mwenyewe, jike, hai. Yaani nyama inayokua ndani ya pipa ni ya yule pongo, swala wa vichakani, aliyeandikishwa, pongo huyo ni jike, na kola iliyo shingoni mwake inasema bado anapumua huko hifadhini. Nikishayaona hayo matatu hubandika karatasi ya kijani kwenye mlango wa jiko, na Mgahawa wa Mawe Mawili unakuwa huru kuanza kuuza.

Siku ile yalikuja yote matatu. Halafu chini yake ukaja mstari wa nne, ambao sikuwahi kuuona: chembe ngeni, asilimia tatu, dume.

Nikasuuza kijiti, nikarudia. Asilimia tatu, dume.

Sheria haikunitaka nifanye lolote kubwa. Chembe ngeni huingia mapipani mara nyingine, kupitia mipira iliyochakaa au mikono ya mafundi. Zikiwa chini ya asilimia tano, mwendesha pipa anaruhusiwa kubonyeza kitufe cha chujio, akasubiri dakika arobaini hadi zile ngeni ziungue, kisha akaendelea na kazi yake bila kumwambia mtu. Kidole changu kilishafika kwenye kitufe. Kilichokirudisha nyuma ni lile neno la mwisho.

Kisomaji cha pipa lile kilikuwa kifaa kidogo cha mgahawani. Kilikuwa na alama za mnyama mmoja tu, na kilichojua ni kusema hii ni yake, hii si yake. Kwa isiyo yake kiliweza kuongeza dume au jike, basi. Kama ni ya mbuzi, ya panya au ya binadamu, hilo lilikuwa swali la maabara ya mkoa.

Mimi nilidhani siihitaji maabara. Nyama iliyokuwa ikikua ndani ya pipa lile ilianzia kwenye sampuli iliyochukuliwa mwezi wa sita na mume wangu, Rwechungura, mlinzi wa pongo. Wiki saba baadaye moyo wake ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu. Na mimi nilijua alichokuwa akifanya kila alipochukua sampuli.

2

Nilikiona kwa macho yangu mwaka nilioanza kazi ya mapipa, tulipokwenda pamoja hifadhini, ng'ambo ya ziwa. Dada yake, Kokushubila, alikuwa amekishika kichwa cha yule jike kwa mikono miwili akimsemesha Kihaya, na mnyama alikuwa ametulia kwa dawa. Rwechungura alinyoa nywele za paja, akapaka spiriti, akabadili glavu, kila kitu kama kilivyoandikwa kwenye mwongozo. Halafu, sindano ikiwa tayari, akaivua glavu ya mkono wa kulia, akalamba kidole gumba na kukisugua pale pale ambapo sindano ingeingia. Mama yake alikuwa akiwafanyia hivyo watoto wake wote kabla ya kwenda kuchanjwa.

Nilimwambia akionekana atafukuzwa. Hakugombana na mimi.

"Spiriti ni ya serikali," akasema. "Mate ni ya ndugu."

Kwao pongo ni ndugu. Ukoo wao haumli tangu enzi wasizozikumbuka, na wakimkuta amekufa msituni humfunika majani ya migomba na kukaa naye kidogo kabla ya kumzika. Ndiyo sababu alipata kazi ile. Uwindaji wote ulipopigwa marufuku, na nyamapori ikabaki ya kukuzwa mapipani, wateja wa mjini walitaka uhakika kwamba mnyama wanayemla hajafa. Kwa hiyo kila mgahawa una kioo ukutani, na katika kioo hicho mteja anamwona mnyama mwenyewe akitembea, akila majani, akilala. Akifa, pipa lake linamwagwa siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa waliotunga sheria walizijua tamaa za watu, waliandika kwamba kila mnyama alindwe na watu wa ukoo ambao kwao yeye ni mwiko. Walifikiria meno ya walinzi. Mapenzi yao hawakuyafikiria.

Mate ya mtu yamejaa chembe zake. Hilo tulifundishwa wiki ya kwanza ya kozi.

Nikasimama pale, pipa likinguruma taratibu. Kisomaji hakionyeshi chembe ngeni mpaka zifike asilimia tatu, na kufika hapo huchukua miezi. Kwa hiyo hazikuanza jana. Zilikuwa zikikua humo tangu mwezi wa sita, na tangu mwezi wa sita watu walikuwa wakila. Sasa ulikuwa mwezi wa pili.

Hilo lingetosha kunitia hofu, na lilinitia. Lakini nitasema na lile jingine, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Kabla ya hofu, kwa muda wa pumzi mbili tatu, nilifurahi. Miezi sita nilikuwa nalala upande mmoja wa kitanda, upande wa pili nikiutandika kila asubuhi ingawa haukuwa umevurugika. Sasa mashine ilikuwa inaniambia kwamba kitu chake bado kiko hai, kina joto, kinakula sukari na kukua, hatua moja kutoka pale niliposimama. Nikachukua chupa ndogo ya sampuli, nikaijaza kutoka kwenye bomba la pembeni, nikaifunga ndani ya kanga kiunoni ili isipoe.

Ningeweza kubonyeza kitufe, chujio likaziunguza zote, na hakuna ambaye angejua. Au ningebandika karatasi ya kijani na kwenda kunywa chai. Kusema kulimaanisha jina la Rwechungura kuwekwa kwenye ubao wa afya wa mkoa, kila aliyekula pongo kwetu kuambiwa alichokula, na ukoo wake kukalishwa chini kujibu imekuwaje ndugu yao ameliwa mjini bakuli moja na mwiko wao. Mtu aliyeishi bila kusemwa vibaya na jirani hata mmoja, huo ndio ungekuwa ukumbusho wake.

Nikibonyeza nitakuwa nimemuua. Nikinyamaza nitakuwa nimemuuza. Nilitoka kwenye chumba cha mapipa bila kufanya kimoja wala kingine, chupa ikinipasha joto ubavuni.

3

Nkwabi, mwenye mgahawa, alikuwa kwenye meza ya karibu na jiko akinywa supu. Ni Msukuma mnene, mwenye sauti ndogo isiyolingana na kifua chake, na alikuwa rafiki wa mume wangu tangu walipokuwa kambi moja ya jeshi la kujenga taifa. Aliniita shemeji kabla hata mahari haijapelekwa. Kila asubuhi alianza siku kwa bakuli la supu ya pongo, na kila asubuhi aliwaambia wapishi kwamba anaionja kwa niaba ya wateja.

Siku ile tulikuwa na sherehe ya sendofu, ya kumuaga binti anayeolewa, saa saba mchana, watu sitini, wote wameagiziwa pongo. Akaniuliza mbona karatasi ya kijani haijatoka. Nikavuta kiti, nikamweleza taratibu, kwanza mstari wa nne wa kisomaji, kisha kidole gumba.

Alishusha kijiko. Akalitazama bakuli. Supu ilikuwa imebaki kidogo, ya mwisho mwisho.

"Shemeji," akasema, "unaniambia Rwechungura yumo humu?"

"Sijui. Nadhani yumo."

Akafikiri. "Alikuwa na ugonjwa wowote?"

"Moyo tu."

"Moyo hauambukizi." Akalisukuma bakuli mbali. Halafu, kama mtu aliyeona amekosa adabu, akalivuta tena karibu na kulifunika kwa sahani. "Na mimi kila siku namwekea pilipili."

Hakuwa anatania. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na mimi, ambaye sikulia hata kaburini, nilibana midomo.

Alipopata sauti alianza kunishauri, na ushauri wake haukuwa wa kipumbavu. Alisema asilimia tatu ni chini ya sheria. Alisema hakuna aliyeumwa tumbo tangu mwezi wa sita, na kama kula kumekwisha tokea, kutangaza hakutamtoa yeyote matumboni mwa watu. Nibonyeze chujio, pipa lisafishike, tuuze nyama ya pofu, yule mnyama wa pipa namba moja, kwa wiki nzima kwa kisingizio cha mashine mbovu, na mambo ya Rwechungura tuyalie sisi wawili na dada yake. Aliniuliza kama marehemu mwenyewe angependa jina lake libandikwe ubaoni. Nikasema asingependa. Akasema basi.

Nilikuwa naanza kukubali. Nisingependa kujidai. Nilishainuka kurudi kwenye chumba cha mapipa.

Ndipo akaingia mama wa bibi harusi, Mama Nyambeho, amevaa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na harufu ya dukani, amekuja kukagua ukumbi kabla ya wageni. Akapita meza zote, akanyoosha kitambaa hapa na pale, mwishowe akasimama mbele ya kioo. Yule jike alikuwa amesimama kwenye kivuli, sikio moja likicheza. Mama Nyambeho akainamisha kichwa kidogo, kama wanavyofanya wateja wetu wote, akanigeukia na kuuliza kile wanachouliza wote kabla ya kula.

"Hajafa mtu?"

Ndivyo watu wa Mwanza wanavyouliza. Zamani waliuliza kama mnyama ni mzima, lakini kwa miaka hii imekuwa hivyo, kwa mzaha na kwa heshima pamoja. Na jibu ni kwamba hajafa mtu, karibuni mle. Nilikuwa nimelitoa jibu hilo mara elfu kadhaa. Nikafumbua mdomo, na halikutoka.

Nikamwambia leo hakuna pongo.

Mama Nyambeho alisema mengi. Wakwe zake walikuwa Wakurya, wametoka Tarime kwa ajili ya pongo huyo, na wakipewa kitu kingine watasema familia ya binti ni ya waongo, na watalisema hilo kwa miaka thelathini. Nkwabi alinyanyuka, akanitazama mara moja tu, akaona nimeshaamua. Tangu hapo hakujaribu tena kunishauri. Alimshika yule mama mkono akamwambia kosa ni lake yeye mwenye mgahawa, atapika pofu na kuku wa kienyeji na hatakubali hata senti kwa kuku, na kwamba Mkurya akishawekewa pofu mbele yake hainui uso mpaka jioni, atajuaje ni nini. Mama Nyambeho akacheka bila kutaka. Alipoondoka, Nkwabi akaniletea simu yake mwenyewe ili nisije nikabadili mawazo nikiitafuta yangu.

4

Bi. Nakiete Mchomvu, afisa wa vyakula wa mkoa, alifika saa nane, ukumbini wakiwa wanapiga vigelegele. Alipitia mlango wa nyuma ili asiwashtue wageni. Ni Mpare mwembamba, msemaji wa maneno machache, na ana tabia ya kuandika bila kutazama karatasi. Akalizungushia pipa namba mbili utepe mwekundu, akazima bomba la kutolea, kisha akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa na kuniambia nieleze.

Nilieleza kidole gumba. Alisimamisha kalamu mara moja tu, nilipofika kwenye maneno ya spiriti na mate.

Akaniambia yatakayofuata, na hakuyapunguza makali. Ikiwa chembe ni za binadamu, mgahawa utafungwa, pipa litateketezwa, na wote waliokula watapewa taarifa pamoja na jina la mtu, kwa sababu watakuwa na haki ya kujua. Alihitaji kitu cha marehemu chenye unywele ili maabara ilinganishe. Kofia yake ya kazi ilikuwa kwenye kabati langu la sare. Nikaileta.

"Kuna kingine kilichotolewa kwenye pipa leo?" akauliza.

Nkwabi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alianza kujibu kwamba hakuna. Hakuwa anadanganya, hakujua. Nikaifungua kanga kiunoni, nikaitoa chupa. Ilikuwa bado na joto. Bi. Mchomvu aliipokea kwa mikono miwili, na hakuuliza nilikuwa naipeleka wapi.

"Nitaiweka kwenye boksi la joto," akasema. "Isipoe njiani."

Halafu akampigia wifi yangu Kokushubila, ambaye sasa ndiye mlinzi, akaweka simu katikati yetu ili sote tusikie. Wifi alithibitisha kidole gumba. Alisema kaka yake hakuwahi kuacha kufanya hivyo hata mara moja. Bi. Mchomvu akamuuliza kuhusu mnyama: anakula, anatembea, kola haijamchubua. Kila jibu lilikuwa neno moja. Alipoulizwa kama kuna badiliko lolote kwa mnyama tangu mwezi wa sita, wifi alinyamaza muda mrefu, kisha akasema mnyama ni mzima. Nilidhani analia. Mimi ningelia.

Majibu yangetoka siku ya tatu.

5

Nilitegemea siku hizo ziwe mbaya kuliko zote, lakini hazikuwa. Usiku wa kwanza nililala kama sikuwahi kulala tangu msiba, bila hata kugeuka. Nadhani mwili ulijua kwamba sehemu yangu imekwisha, kwamba lolote litakalotoka maabara halitakuwa tena jambo ninaloliamua mimi peke yangu mbele ya kitufe.

Kilichonisumbua kilikuwa kitu kingine. Sikujua nimfikirie wapi. Mwanamke aliyefiwa huwa na mahali pa kuelekeza macho anapokumbuka. Mimi nilipokwenda sokoni nilimtazama muuza dagaa wa Igoma, ambaye alikula kwetu Jumamosi nyingi, nikawaza kwamba yumo humo. Nilimtazama mwalimu mmoja wa Pansiansi akivuka barabara na mkoba wake, na padri, na mabinti wawili wa benki waliokuwa wakigombania mwavuli. Mume wangu alikuwa amesambaa mji mzima. Alikuwa mtu asiyependa kelele, na sasa alikuwa kila mahali penye kelele.

Nkwabi alinipigia simu mara mbili kwa siku. Aliuliza nimekula nini, nami nikamuuliza yeye amekula nini, naye akasema maharage.

6

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Bi. Mchomvu alikuja mwenyewe badala ya kupiga simu. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Alishusha kimoja, akaketi, akaomba chai ya maziwa. Nikawaza kwamba mtu anayeleta habari mbaya haombi chai, nikajikataza kuwaza hivyo.

"Si yeye," akasema kabla chai haijafika.

Nkwabi alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini, juu ya sakafu.

"Si binadamu kabisa," Bi. Mchomvu akaendelea. "Ni pongo. Pongo dume."

Akatueleza taratibu, akichora kwa kidole juu ya meza. Chembe za mate zinapoingia ndani ya pipa hufa kabla siku haijaisha. Joto lile si lao na chakula kile si chao. Maabara ilikuwa imetafuta alama ya Rwechungura katika pipa na katika ile chupa yangu, ikatafuta tena, haikukuta hata moja. Walichokikuta ni chembe za dume ambalo nusu ya vinasaba vyake ni vya yule jike. Mnyama akiwa na mimba, chembe kidogo za mtoto hupenya na kuingia katika damu ya mama, zikatembea mwilini mwake, nyingine zikajishikiza kwenye misuli na kukaa humo miezi mingi. Sindano ya mwezi wa sita ilichota nyama ya mama, na pamoja nayo ikachota chembe chache za mtoto aliyekuwa bado tumboni. Pipa halikuchagua. Likawakuza wote wawili.

Nikasema yule jike hana mtoto. Tunamwona kwenye kioo kila siku.

"Muulize wifi yako," akasema.

Kokushubila alipokea kwenye mlio wa kwanza, kama aliyekuwa ameishika simu mkononi kwa siku tatu. Nikamwambia kwanza kwamba si kaka yake. Nilisikia akikaa chini. Kisha nikamuuliza juu ya mtoto.

"Yupo," akasema. "Alizaliwa mwezi wa kumi."

Kwao mtoto wa pongo hatajwi wala hanyooshewi kidole mpaka aanze kutembea nyuma ya mama yake mchana kweupe. Ukimtaja mapema unamwitia chui. Na mama mwenyewe humficha kichakani na kumfuata kwa kuvizia, ndiyo maana kioo chetu hakikuwahi kumwonyesha. Wifi alisema Bi. Mchomvu alipomuuliza siku ile alitaka kusema, ulimi ukakataa. Hakujua kwamba jibu la swali letu ndilo lile alilokuwa amelifumbia mdomo. Akaniomba msamaha, nami nikaona hakuna cha kusamehe.

"Kaka alijua," akaongeza. "Alimpapasa tumbo siku ya sindano, akanitazama, tukanyamaza. Siku ile alipaka mate mara mbili. Moja ya mama, moja ya mtoto."

Nikashusha kiti kingine, nikaketi. Watu husema mzigo hushuka mabegani. Wangu ulitoka tumboni, kama njaa inavyotoka. Na nyuma yake kulikuwa na nafasi ndogo, ya ukubwa wa chupa, ambayo siku tatu ilikuwa na joto na sasa haikuwa na kitu. Sitaficha kwamba niliihisi. Lakini haikuuma kama nilivyoogopa.

Nkwabi aliokota birika, akamimina chai, nusu kikombeni nusu mezani.

"Mimi nilijua toka mwanzo si yeye, shemeji," akasema. "Supu ile nimekunywa miezi minane. Angekuwamo Mhaya, ningekuwa nimeshaamka siku moja naongea Kiingereza."

Bi. Mchomvu alipaliwa na chai. Mimi nilianza kucheka kwa kukohoa, kisha kwa sauti, nikacheka mpaka nikashika meza, na kile kicheko kiliendelea kupita pale vicheko vinapoishia, kikageuka kuwa kilio ambacho sikuwa nimekilia kaburini, na hakuna aliyenikataza. Wifi alikuwa bado kwenye simu. Naye alikuwa anacheka. Alisema kaka yake angemtoza Nkwabi mbuzi kwa maneno hayo.

Ilibaki karatasi. Bi. Mchomvu alituambia kwamba chembe zikishajulikana kuwa za mnyama asiyeandikishwa chujio haliruhusiwi tena, na sheria inabakiza milango miwili. Yule mtoto aandikishwe, avishwe kola na kudungwa sindano kama mama yake, na hapo pipa litakuwa halali leo hii, wateja waweze kula mchana huu. Au pipa limwagwe lote, na sampuli mpya isubiri miezi, mpaka chembe za mtoto zipungue mwilini mwa mama. Sahihi zilizohitajika zilikuwa tatu: ya mlinzi, ya mwenye mgahawa na yangu.

Wifi akasema kwenye simu kwamba mtoto bado hajaanza kutembea mchana.

Nkwabi alikitazama kioo. Yule jike alikuwa anakula majani, na nyuma yake kichaka kilikuwa kichaka tu.

"Miezi mingapi?" akauliza.

"Minne. Labda mitano."

"Basi tutauza pofu," akasema. "Mwacheni mtoto aote pembe kwanza." Akatia sahihi bila kusoma, akanisukumia kalamu.

Niliandika jina langu, nikaingia kwenye chumba cha mapipa, nikaukata utepe na kufungua bomba la chini mwenyewe. Lilichukua muda mrefu kuisha. Nilisimama pale hadi tone la mwisho, nikaosha pipa kwa maji ya moto mara tatu kama mwongozo unavyotaka, nikaliacha mdomo wazi likauke.

Kisha nikamwomba Nkwabi ruhusa ya wiki moja. Hakuniuliza naenda wapi. Siku tatu nilikuwa nimemtafuta mume wangu katika kila uso wa mji huu, na sasa alikuwa mahali pamoja tu, Kamachumu, kwenye migomba nyuma ya nyumba ya mama yake, na mahali hapo nilipajua. Meli ilikuwa inaondoka kesho yake saa tatu asubuhi. Nilienda kukata tiketi.